Spotilaiti zinapozimika: kazi ya mwenye nyumba na kazi ya fundi

Dari za jipsamu zimepanda mlima. Zamani zilikuwa mambo ya hoteli na ofisi za Voi na Mwatate, lakini siku hizi hata nyumba za vijijini katika wadi ya Werugha zinamaliziwa kwa dari nyeupe yenye safu ya taa ndogo za mviringo zilizozamishwa ndani yake. Mafundi na wauza vifaa huziita spotilaiti. Hazining'inii na hazikusanyi buibui kama balbu ya kamba, na sebule ya kawaida huonekana kubwa zaidi zinapowaka.

Zina usumbufu wake, hata hivyo. Moja huzimika, nyingine huanza kupepesa, ya tatu hujizima yenyewe kila jioni baada ya nusu saa na kurudi inapotaka. Mwenye nyumba hununua balbu mpya, kisha nyingine, na tatizo libaki pale pale. Sababu ni kwamba mara nyingi ubovu hauko kwenye balbu. Uko juu ya dari, katika ile nafasi yenye giza kati ya ubao na mabati, mahali ambapo nyaya zimeungwa na hakuna anayezitazama tangu fundi aliposhuka kwenye ngazi.

Suala hili linahusu usalama kuliko linavyohusu urembo. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga ni jukumu la serikali za kaunti. Lakini barabara ya kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, na kutoka hapo kuendelea Werugha, ni ya kona nyingi na miinuko. Gari la zimamoto, hata likiondoka papo hapo, litachukua muda kufika. Waya uliolegea juu ya dari ya mbao hausubiri muda huo. Wakazi wanashauriwa kujua mapema ni yapi wanaweza kuyafanya wenyewe na ni wakati gani wa kuzima umeme na kumwita fundi mwenye leseni.

Zilivyotengenezwa

Spotilaiti ina pete ya chuma au plastiki inayoonekana kwa chini, springi mbili zinazoishika kwenye tundu la dari, na taa yenyewe. Taa hiyo huwa ya aina tatu, na ni muhimu kujua uliyo nayo kabla ya kununua chochote.

Ya kwanza ni balbu ya GU10, ambayo ina vijiti viwili vifupi vinene na hutumia moja kwa moja umeme wa volti 240 tulio nao nchini. Ya pili ni MR16, yenye vijiti viwili vyembamba kama sindano. Hii hutumia volti 12 pekee, hivyo ni lazima kuwe na transfoma ndogo juu ya dari ya kushusha umeme. Ya tatu, ambayo sasa ndiyo imejaa madukani, haina balbu ya kubadilisha kabisa: ni taa ya LED iliyoshikana na pete yake, na waya mfupi unaoishia kwenye kisanduku kidogo cha plastiki kiitwacho draiva. Draiva ndiyo hubadili umeme wa nyumba uwe wa kiwango ambacho LED inaweza kuvumilia. Ikifa draiva, taa haitawaka hata kama yenyewe ni nzima.

Jambo la pili la kujua ni joto. Balbu za zamani za halojeni, ambazo bado zipo katika baadhi ya nyumba, zilikuwa za wati 50 na sehemu kubwa ya umeme huo ziligeuza kuwa joto. Kioo chake kinaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingizwa sokoni kwa balbu za aina hii za umeme wa kawaida kuanzia Septemba 2016, kwa sababu ya umeme zinaoupoteza. LED ya wati 5 hutoa mwanga unaokaribiana na huo. Kwa sebule yenye taa sita zinazowaka saa tano kila siku, halojeni hula yuniti 45 kwa mwezi na LED hula yuniti 4.5. Anayenunua tokeni ataelewa hesabu hiyo bila maelezo zaidi.

Hata hivyo LED nayo ina joto lake, na tofauti na halojeni, haipendi joto hilo. Vifaa vilivyo ndani ya draiva huchakaa haraka vinapokosa hewa. Ndiyo maana taa iliyoandikwa kwenye boksi kwamba itadumu miaka mingi huweza kufa ndani ya miezi ikiwa imefukiwa. Voi, ambako jua la mchana hulifanya joto la chini ya mabati kuwa kali, taa huteswa na hali ya hewa yenyewe. Huku Dawida shida huwa tofauti kidogo.

Jasho la mabati

Werugha iko kwenye vilima vya Taita, si mbali na kilele cha Vuria chenye urefu wa mita 2,208, na kati ya Juni na Agosti ukungu huweza kukaa hadi mchana. Usiku mabati hupoa sana. Ndani ya nyumba watu wanapika, wanaoga maji moto, wanakausha nguo karibu na jiko. Mvuke huo wa joto hupanda, na njia yake rahisi ya kufika kwenye mabati ni yale matundu yaliyokatwa kwa ajili ya spotilaiti. Ukigusa bati baridi hugeuka kuwa maji, kisha matone hurudi chini yakiangukia dari, nyaya, draiva na viungo vya waya.

Wengi hudhani nyumba inavuja. Fundi wa paa huitwa, misumari huzibwa upya, na mwezi ukifuata doa linarudi. Njia ya kutofautisha si ngumu. Maji ya kuvuja huonekana wakati wa mvua au mara baada yake, na doa hukaa sehemu moja. Jasho la mabati huonekana alfajiri, hata kama mvua haikunyesha kwa wiki nzima, na matone huwa yametapakaa. Dawa yake ni kuipa nafasi ya juu ya dari hewa ya kupita, kwa matundu yenye wavu kwenye pembe za paa, na kuutoa mvuke wa jikoni na bafuni nje ya nyumba badala ya kuuachia upande.

Bafuni panahitaji taa maalumu. Kwenye boksi kuna alama ya herufi IP ikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi na vitu vingine, ya pili dhidi ya maji. Taa ya kawaida ya sebuleni huwa IP20, yaani haina kinga yoyote ya maji. Juu ya bomba la mvua ni vyema kuweka IP65. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kubadilisha taa kila msimu wa baridi.

Na jikoni, hasa jiko la kuni, pengine spotilaiti si chaguo zuri hata kidogo. Masizi na mvuke vyote huingia kwenye tundu lile. Taa ya kubandika juu ya dari, isiyohitaji kukatiwa tundu, hufanya kazi ile ile na huokoa usumbufu.

Dalili na maana yake

Kabla ya kununua balbu nyingine, ni vizuri kukaa na kutazama. Taa moja ikizimika na nyingine zinawaka, ubovu uko kwenye balbu, holda yake au draiva yake. Kwa balbu za kubadilisha kuna jaribio rahisi: umeme ukiwa umezimwa, hamisha balbu iliyokufa uiweke palipo na ile inayowaka, na inayowaka uiweke pale. Ikiwa ile "iliyokufa" sasa inawaka, balbu ni nzima na ubovu uko kwenye holda au waya wa upande ule. Hapo kazi ya mwenye nyumba imeishia.

Tatu za kwanza zikiwaka na tatu za mwisho zisiwake, maana yake ni nyingine. Spotilaiti za chumba kimoja hupokezana umeme kutoka moja hadi nyingine. Kiungo kikilegea kwenye ya tatu, zote zinazofuata hukosa. Fundi anayejua kazi ataanzia kwenye taa ya mwisho inayowaka na ya kwanza isiyowaka. Akianza kwa kubadilisha balbu zote tatu, mwenye nyumba ana sababu ya kumuuliza maswali.

Kupepesa kuna sababu nyingi. Ikiwa taa za nyumba nzima zinapepesa, na za jirani pia, tatizo liko kwenye laini na taarifa ipelekwe Kenya Power kwa nambari 97771 au kupitia *977#. Ikiwa zinafifia tu pale kinu cha posho kilicho jirani kinapoanza kusaga au pampu inapowashwa, ni nguvu ya umeme inayoshuka. Ikiwa ni chumba kimoja tu, mara nyingi ni kiungo kilicholegea. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika makala haya. Waya uliolegea hurusha cheche ndogo ndogo mfululizo, kila cheche huongeza joto, plastiki huanza kuyeyuka, na kilicho jirani ni mbao kavu au vumbi la miaka. Breka ya kawaida huenda isiruke, kwa sababu umeme unaotumika haujazidi. Taa inayopepesa isiachwe kwa kuwa "bado inawaka."

Kuna kisa kimoja cha kupepesa ambacho huwapotezea watu fedha bure. Mtu mwenye taa za volti 12 hutoa halojeni ya wati 50 na kuweka LED ya wati 5. LED inapepesa au haiwaki. Anairudisha dukani, anapewa nyingine, nayo vile vile. Balbu zote hizo ni nzima. Transfoma nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa na hazifanyi kazi sawasawa zikipewa mzigo mdogo. Kinachotakiwa kubadilishwa ni transfoma. Swichi za kupunguza mwanga huleta tatizo kama hilo kwa LED zisizotengenezwa kwa ajili yake.

Taa inayojizima baada ya muda na kurudi ikipoa imezidiwa na joto. Kagua kama juu yake kuna kitu. Dari zetu hugeuka ghala: magunia, maboksi ya vitabu vya shule, nguo za zamani, wakati mwingine mahindi. Kitu chochote kilicholazwa juu ya spotilaiti huizuia kupumua, na kama ni halojeni, kinaweza kushika moto. Panya nao hujenga viota karibu na draiva kwa kuwa pana joto, na hutafuna waya.

Mwanga hafifu unaobaki baada ya kuzima swichi pia usipuuzwe. Unaweza kuwa ni umeme kidogo sana unaorukia waya mrefu uliolala sambamba na mwingine, jambo lisilo na madhara makubwa. Lakini unaweza pia kuwa dalili kwamba aliyefunga nyaya alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Nyumba iliyofungwa hivyo inaonekana ya kawaida kabisa, taa zinawaka na kuzima, lakini holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Mtu anayepanda kubadilisha balbu akiamini amezima, hajazima.

Harufu ya plastiki inayoungua, doa la kahawia kuzunguka pete, mlio wa kuchemka, au breka inayoruka kila mvua inaponyesha: zima meni swichi na usiiwashe hadi fundi afike.

Kubadilisha balbu bila kuhatarisha maisha

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Zima breka ya taa au meni swichi, waambie waliomo nyumbani, na ubandike karatasi juu yake ili mtoto anayetaka kutazama televisheni asiiwashe wewe ukiwa juu ya ngazi.

Watu wengine hungojea umeme upotee, au tokeni ziishe, ndipo wapande kurekebisha. Tabia hiyo ni hatari sana. Umeme uliopotea hurudi dakika yoyote bila kubisha hodi. Tokeni zilizoisha zinaweza kuingizwa na mtu mwingine wa nyumbani aliyezinunua kwa simu akidhani anasaidia. Na katika nyumba zenye sola na inveta, kuzima meni ya Kenya Power hakuzimi umeme wa inveta. Nayo inatakiwa izimwe. Kwa nyumba za kupanga ambapo vyumba kadhaa vinatumia meni moja, hakikisha breka unayozima ndiyo ya chumba chako, na kwamba jirani hataiwasha.

Ngoja taa ipoe, dakika kumi au zaidi kwa halojeni. Panda juu ya ngazi imara ya mbao. Viti vya plastiki vilivyopandanishwa si ngazi. Mikono iwe mikavu. Balbu ya GU10 husukumwa juu kidogo na kuzungushwa robo mzunguko kwenda kinyume cha saa, kisha hushuka yenyewe. Ya MR16 huvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Ikiteleza, kipande cha tepu kilichokunjwa na kubandikwa kwenye kioo huwa kama mpini. Ikiwa ni lazima kuitoa pete nzima, ishike kwa vidole vya mikono yote miwili na kuishusha taratibu, kwa sababu springi zake hufyatuka kwa nguvu na zinaweza kuumiza vidole au kumegua ukingo wa jipsamu. Jipsamu iliyolowa haishiki tena springi, na sehemu hiyo itabidi ikatwe na kuzibwa upya.

Balbu mpya ilingane na ya zamani kwa aina ya vijiti na kwa volti, na wati zisizidi zile zilizoandikwa ndani ya pete. Kwa taa iliyoshikana na draiva, pima tundu la dari na si upana wa pete, kwa kuwa pete mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuhitaji matundu tofauti, milimita 75 na 90 kwa mfano. Na kama ni draiva tu inayobadilishwa, nambari za volti na miliampea zilizoandikwa juu yake ni lazima zilingane. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kinachobaki juu ya dari ni cha fundi

Kwanza, dari ya jipsamu haibebi uzito wa mtu. Anayekosea kukanyaga boriti huishia sebuleni. Pili, viungo vya waya vinatakiwa kuwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko, vikiwa vimeshikwa kwa konekta. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu, njia inayotumika katika nyumba nyingi mno, hulegea tepu inapokauka. Taa za chuma zinahitaji waya wa ardhi, isipokuwa zile zenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambazo zimekingwa maradufu.

Kosa la tatu lina historia yake. Mradi wa kusambaza umeme vijijini wa Last Mile ulioanza mwaka wa 2015, pamoja na ada ya kuunganishiwa iliyoteremshwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, ulizifikia nyumba nyingi ambazo hazikuwa zimefungwa nyaya. Nyumba kama hizo zilipewa redi bodi: ubao mdogo wenye soketi, swichi na holda ya balbu, kwa ajili ya mwanga na kuchaji simu. Maisha yakaboreka, nyumba ikapanuliwa, dari ikawekwa, na spotilaiti, televisheni na friji vyote vikavutwa kutoka kwenye ubao ule ule. Nyumba kama hiyo inahitaji kufungwa nyaya upya. Kuongezewa kipande kingine cha waya hakutoshi.

Inahusiana na hilo breka inayoruka. Nyaya za taa kwa kawaida ni za milimita 1.5 na breka yake ni ya ampea 6 au 10. Breka ikiruka mara kwa mara, kuna anayeshauri iwekwe ya ampea 20 au 32. Itaacha kuruka, ndiyo. Lakini kazi ya breka ni kukata umeme kabla waya haujapata moto, na breka kubwa kuliko waya itauacha waya uungue kwanza. Wenye nyumba ni vyema pia kumuuliza fundi kama kisanduku chao kina kinga ya kuvuja kwa umeme ya miliampea 30. Kifaa hicho hukata umeme unapopita kwenye mwili wa mtu, kitu ambacho breka ya kawaida haiwezi kufanya.

Fundi atakayefanya kazi hiyo anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na zina tarehe ya kuisha. Kumwomba fundi aonyeshe yake si kumkosea heshima, na fundi wa kweli ameshazoea kuulizwa. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi anaweza kuwa na ujuzi mzuri, lakini hadi apate leseni afanye kazi chini ya usimamizi wa aliye nayo. Ikumbukwe kwamba Kenya Power huhusika na laini hadi kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba, na mpangaji anayeona dalili zilizotajwa ampe taarifa mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, ili kuwe na kumbukumbu.

Vifaa navyo vinatofautiana. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, yenye nambari ya kibali chini yake. Kuihakiki, andika herufi SM, alama ya #, kisha nambari ya kibali, na utume kwenda 20023. Jibu litakuja na jina la bidhaa na la kampuni. Yasipolingana na boksi ulilo nalo, rudisha. Tunza risiti, kwa kuwa LED nyingi huuzwa na dhamana ambayo haina maana bila risiti.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima meni kwanza. Ukishindwa, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, iwe Wesu, au Moi mjini Voi kwa walio tambarare, kwa maana umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kuacha jeraha la nje. Dari ikishika moto, zima meni ikiwa unaifikia bila kupita kwenye moshi, usimwage maji mahali penye umeme, watoe watu wote nje na upige 999 au 112.